Mustang ya 1966 ya paa la kukunja: kabla ya kusikiliza injini, lala chini ya gari

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa malori, naishi Houston, Texas. Nyumbani ni Mombasa. Nimeonyeshwa Ford Mustang ya 1966 ya paa la kukunja: injini silinda sita, gia otomatiki, paa linafunguka kwa swichi. Muuzaji anasema injini imefunguliwa na kufanywa upya, na sakafu ni mpya. Nimeiendesha mara moja. Mlango wa dereva haufungi mpaka uuinue kidogo. Kapeti la upande wa abiria limeloa. Inatoa moshi mweupe, hasa nikiachia mafuta halafu nikakanyaga tena. Geji ya joto na ya petroli zote zinapanda mpaka mwisho. Nikishika breki inavuta kushoto. Naomba unieleze gari hili likoje kiufundi, magonjwa yake ni yapi, na je, ninunue? Nikistaafu ningependa kurudi nalo nyumbani."

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Kati ya dalili tano ulizonitajia, nne ni magonjwa ya kila siku kwa gari hili, na vipuri vyake vinapatikana kama sukari dukani. Inayonisumbua ni ile ya mlango. Hiyo ndiyo itakayoamua kama unanunua gari au unajinunulia kazi ya miaka. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye mengine na kukaa kwenye bodi, maana wanunuzi wengi hutega sikio kwenye injini huku fedha zao zikisubiri kuliwa na kutu.

Kwanza hakikisha gari ni lile unaloambiwa. Fungua boneti utazame fenda ya kushoto: ukingo wake umekatwa kidogo, na pale pamegongwa nambari ya chasisi. Herufi tano za mwanzo zinatosha kukupa habari. Tuseme inaanza na 6F08T. Hiyo 6 ni mwaka wa modeli, 1966. F ni kiwanda cha Dearborn, Michigan. Ingekuwa R ni San Jose, California, na T ni Metuchen, New Jersey. 08 maana yake lilitoka kiwandani likiwa la paa la kukunja. 07 ni lenye paa la bati, 09 ni lile la mgongo wa mteremko. Herufi ya mwisho ni injini: T ni silinda sita, C ni V8 ya kabureta ya midomo miwili, A ni ya midomo minne, na K ni ile yenye nguvu kuliko zote. Mustang yenye nambari ya kwanza kabisa, 5F08F100001, ilikuwa nayo ya paa la kukunja, na leo iko Henry Ford Museum kulekule Dearborn.

Kwenye mlango wa dereva kuna bamba jingine lenye namba ya bodi. Lako liseme 76A, 76B au 76C, kutegemea mapambo ya ndani na aina ya kiti. Bamba likipingana na fenda, amini fenda, kwa sababu mlango unabadilishwa kwa bolti chache. Na ukiona nembo ya GT kwenye gari ambalo nambari yake ina T, mtu ameipachika tu: kifurushi cha GT kiliuzwa pamoja na injini za A na K peke yake.

Kwa kuwa uko Houston, soma na hati ya umiliki neno kwa neno. Mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017 yalizamisha magari mengi mjini kwenu, na gari la zamani lililolala ndani ya maji huweza kupakwa rangi likang'aa huku reli zake, yaani vile vyuma virefu vya chini vinavyobeba gari, zikiendelea kuoza kutokea ndani.

Sasa takwimu ulizoomba. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 108, yaani kama mita 2.74. Urefu wote ni inchi 181.6, karibu mita 4.61, na uzito ni kilo 1,200 na ushee. Injini yako ina ujazo wa inchi 200, sawa na lita 3.3, na ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 120 kwenye mizunguko 4,400. V8 za mwaka huo zote ni za inchi 289, lita 4.7: C ilikuwa na farasi 200, A 225, K 271. Usizilinganishe namba hizo na za gari la leo. Zilipimwa injini ikiwa kwenye meza ya majaribio, haikubeba mizigo yote inayobeba ikiwa garini, hivyo nguvu inayofika kwenye tairi ni pungufu sana. Gari lenye silinda sita lina rimu za nati nne, breki za ngoma za inchi 9 na difu ndogo. La V8 lina nati tano, ngoma za inchi 10 na difu kubwa zaidi. Tangi linachukua galoni 16 za Marekani, kama lita 60. Umeme ni volti 12, hasi kwenye bodi, na chaji ni ya altaneta. Likiwa jipya liliuzwa kwa dola 2,653 hivi kabla ya nyongeza, na kwa mwaka wa modeli 1966 yalitengenezwa ya paa la kukunja 72,119. Wingi huo ndio unaokusaidia leo: karibu kila kipuri kinatengenezwa upya, kuanzia skrubu ya kioo hadi bodi nzima.

Tuingie kwenye mlango. Mustang hii haina chasisi ya kusimama peke yake kama lori lako. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na muundo wake ulichukuliwa kutoka kwenye Ford Falcon. Gari la paa la bati hupata uimara wake juu na chini. Ukiliondoa paa unabaki na boksi la viatu lisilo na kifuniko: shika pembe mbili ulikunje, litapinda. Wahandisi wa Ford walilijua hilo, ndiyo maana toleo hili lilipewa vizingiti vya milango vya bati nene zaidi, bati la ziada chini ya viti, na visanduku vya chuma vinavyounganisha vizingiti na reli za mbele, pale karibu na miguu ya dereva na abiria. Vizingiti, bati hilo na visanduku ndivyo vinavyobeba gari. Vikioza, gari linaanza kulegea katikati.

Dalili ya kwanza huonekana kwenye nafasi ya mlango. Simama pembeni, mlango ukiwa umefungwa, uangalie ule mstari wa nyuma kati ya mlango na bodi. Upana wake unatakiwa ulingane kutoka juu hadi chini. Ukikuta juu mlango unakaribia kugusa na chini panaingia kidole, bodi imelala. Lakini usihukumu hapohapo. Fungua mlango nusu, ushike kwa mwisho wake, uinue na kuushusha. Ukicheza juu na chini, pini na bushi za bawaba zimekwisha, na hiyo ni kazi ya siku moja na fedha kidogo. Mlango usipocheza kabisa kwenye bawaba lakini ukawa unagonga ukifungwa, basi ubaya uko kwenye bodi.

Kisha fanya jaribio ambalo muuzaji mwenye gari zima hatakukatalia. Weka jeki chini ya reli ya mbele, mahali pagumu, inua upande mmoja mpaka tairi iache ardhi, halafu ufungue na kufunga mlango wa upande huo. Gari zuri hubadilika kidogo mno. Gari bovu litakuonyesha nafasi ya mlango ikifunga au kufunguka mbele ya macho yako, na pengine mlango utagoma kabisa kufungwa. Ukiona hivyo, mshukuru muuzaji uende zako, au umpe bei ya gari la kukatakata vipuri.

"Sakafu mpya" ni maneno mazuri yenye hatari yake. Sakafu mpya iliyowekwa vizuri ni jambo la kufurahia. Tatizo ni kwamba wengi huchomelea bati jipya juu ya la zamani lililooza, wakapaka lami nyeusi, kazi ikaisha. Wengine hukata sakafu na vizingiti gari likiwa juu ya stendi, milango imetolewa, hakuna chuma cha kushikilia nafasi za milango. Gari hujipinda, kisha wanalichomelea likiwa limepinda vilevile, na tangu siku hiyo mlango hautafunga bila kuinuliwa. Kwa maelezo yako, hilo ndilo ninaloshuku. Muulize muuzaji picha za kazi ilivyofanyika. Aliyefanya kazi safi huwa na picha nyingi kuliko unavyotaka kuziona.

Lala chini na tochi na bisibisi butu. Gonga vizingiti urefu wake wote. Sauti ya chuma kizima unaijua. Gonga visanduku vile vya kona za mbele. Fuata reli za nyuma, hasa zinapopanda juu ya ekseli na pale springi za majani zinapofungwa kwa mbele. Ndani ya buti angalia pembe mbili za chini nyuma ya tairi, huko ndiko maji hujikusanya. Mbele kulia, chini ya betri, tazama kama tindikali imekula bati. Chukua pia sumaku ndogo uifunge kitambaa uipitishe kwenye fenda na nyuma ya mlango: ikikataa kushika, chini ya rangi kuna puti. Puti kidogo kwenye gari la umri huu si dhambi. Puti kwenye kizingiti ni jambo jingine kabisa.

Kapeti lililoloa linaweza kuwa na sababu mbili zisizohusiana. Chini ya kioo cha mbele, kwenye yale matundu ya kuingizia hewa, kuna kisanduku cha bati kilichofungwa pande zote. Majani na vumbi huingia, unyevu hukaa, na zile pete za bati zinazozuia maji yasianguke ndani huoza. Mvua ikinyesha, maji hushuka moja kwa moja kwenye miguu. Jaribu hivi: mwambie mwenzako amwage maji taratibu juu ya matundu upande wa abiria, wewe ukiwa umelala chini ya dashibodi na tochi. Yakidondoka, umepata jibu. Dawa ya kweli ni kutoa fenda, kutoboa pointi nyingi za kuchomelea, kufungua kisanduku, kutengeneza na kukifunga tena. Bati lenyewe ni rahisi, kazi ndiyo ghali. Kuna vifuniko vya plastiki vya kuziba kutokea ndani. Vinakusaidia msimu mmoja wa mvua, lakini kutu inaendelea.

Sababu ya pili ni rejeta ndogo ya hita, ambayo iko upande huohuo wa abiria. Ikivuja, majimaji yake yananata vidoleni, yana harufu tamu, na kioo hupata ukungu ukiwasha hita. Hiyo utaibadilisha mwenyewe Jumamosi. Nusa kapeti kabla ya kukasirika.

Moshi mweupe unaotoka ukiachia mafuta haunitishi hata kidogo, mradi usiwe na harufu ya maji ya rejeta. Giaboksi yako ni C4. Nyuma yake kuna kikopo kidogo chenye utando wa mpira ndani, kimeunganishwa na injini kwa paipu nyembamba. Kazi yake ni kuiambia giaboksi injini inavuta mzigo kiasi gani, ili gia zibadilike kwa wakati wake. Utando ukipasuka, injini inanyonya oili ya giaboksi kupitia paipu hiyo na kuiunguza. Mvuto huwa mkali zaidi unapoachia mafuta, ndiyo maana moshi unajitokeza wakati huo. Chomoa kipande cha mpira kwenye kikopo hicho: ukikuta oili nyekundu ndani, ugonjwa umepatikana. Kipuri ni cha bei ndogo. Kagua na kiwango cha oili, maana huenda giaboksi imekuwa ikifanya kazi na njaa kwa muda mrefu, na ukiongeza tumia oili ya aina ya F, ndiyo iliyokusudiwa. Ikiwa hakuna oili kwenye paipu na maji ya rejeta yanapungua, hapo ndipo uwaze gasketi ya silinda hedi.

Jambo moja kuhusu gia za C4 ya miaka ile ambalo limewapotosha wengi. Kwenye kibao cha gia hakuna D. Kuna nukta mbili, moja kubwa ya kijani na nyingine ndogo. Kijani ndiyo ya kuendeshea kila siku: gari linaanza na gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nukta ndogo inaanzia gia ya pili, iliwekwa kwa ajili ya barabara zenye barafu na utelezi. Mtu akiweka kwenye nukta ndogo bila kujua, gari linaondoka kwa uvivu, naye anatangaza giaboksi imekufa.

Tukija kwenye injini "iliyofanywa upya", hii silinda sita ya lita 3.3 ni mashine ngumu. Shafti yake kuu imekaa kwenye beringi saba, wakati mdogo wake wa inchi 170, aliyetumika kwenye Mustang za mwanzo za 1964, alikuwa na nne tu. Isipopata joto kupita kiasi na ikibadilishwa oili, inakwenda masafa marefu. Ubovu unaosumbua sana haumo ndani ya injini, umo kwenye ndoa ya kabureta na distribyuta. Kwenye nyingi za injini hizi distribyuta haina vijiwe vya kusogeza taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) kufuata kasi ya injini; inategemea mvuto wa hewa peke yake, na mvuto huo unatoka kwenye kabureta ya Autolite 1100 yenye valvu maalumu pembeni. Ukibadilisha kabureta ukaweka isiyo na valvu hiyo, taimingi haisogei inavyotakiwa. Injini inakuwa nzito, inakula petroli, inapata joto, na fundi asiyejua anaifungua injini nzima isiyo na kosa. Nina wasiwasi kwamba injini nyingi "zilizofanywa upya" zilifunguliwa kwa sababu hii. Tazama kabureta iliyopo. Ikiwa si ya asili, utahitaji distribyuta ya aina ya baadaye, yenye vijiwe na mvuto vyote viwili, kisha gari litaamka. Utaratibu wa kuwaka silinda ni 1-5-3-6-2-4, ukiwa unapanga waya za plagi.

Geji mbili kupanda pamoja ni kesi nyepesi kuliko zote. Nyuma ya dashibodi kuna kifaa kidogo kinachopunguza umeme wa volti 12 hadi wastani wa volti 5 kwa kukatakata, na geji hizo zote hula kutoka hapo. Kikigandia, volti 12 zote zinapita na geji zinalala mwisho. Kibadilishe mapema, kwa sababu geji zenyewe zinaweza kuungua. Lakini kabla ya kusema "ni geji tu", pima joto la kweli kwa kipimajoto cha mwanga kwenye kifuniko cha thamostati. Kiangazi cha Houston hakina huruma na rejeta zile ndogo, na nyingi zimepoteza kile kibati cha kuzunguka feni kinachoelekeza hewa.

Waya za umri huu zina ngozi ngumu inayovunjika. Taa kubwa za mbele zinapitisha umeme wake wote kwenye swichi ya dashibodi, bila relei, yaani swichi ya pembeni ya kubeba umeme mwingi. Ongeza relei, ni kazi ya jioni moja, na swichi itaacha kuchemka.

Breki. Wewe unaendesha lori, kwa hiyo hutahitaji nikueleze maana ya kuwa na njia moja tu ya breki. Masta silinda ya Mustang ya 1966 ina chumba kimoja kinacholisha magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, pedali inakwenda hadi sakafuni na huna kitu. Ford iliweka ya vyumba viwili kuanzia modeli ya 1967. Hii nisingeiacha hata wiki moja. Watu hukimbilia kuweka breki za diski mbele, na diski ni nzuri, lakini ngoma za inchi 9 zilizo kavu na zilizorekebishwa sawasawa zinalisimamisha gari la kilo 1,200 mara ya kwanza bila shida. Zinachoka ukizirudia kwenye mteremko au kwenye foleni ya barabara kuu. Kwa hiyo masta silinda ya vyumba viwili kwanza, paipu mpya za chuma, mipira mipya, halafu diski fedha ikiruhusu. Kuvuta kushoto fungua magurudumu yote mawili ya mbele, si moja: mara nyingi kasilinda ka gurudumu kamevuja na kulowesha bitana, au mpira wa breki wa upande mmoja umevimba ndani na kuziba.

Kwenye stelingi tarajia uchezaji kidogo katikati. Kama ina msaada wa haidroliki, angalia ule mkono wa nje ulio chini na valvu yake, kwa kawaida vinadondosha oili. Kelele ya kitanda cha zamani unapopita tuta inatokana na kwamba springi ya mbele imekalia mkono wa juu, na bushi zake zimekauka grisi. Kagua minara ya springi ndani ya boneti kama ina nyufa. Magari yaliyouzwa nje ya Marekani yalipewa kipande kimoja kizito cha chuma kinachounganisha minara hiyo na ukuta wa injini, badala ya vile viwili vyembamba. Kinauzwa, kinafungwa kwa bolti, na kwa gari lisilo na paa ningekiweka bila kufikiri mara mbili.

Jambo la tangi watu hawalizungumzi vya kutosha. Kwenye Mustang ya 1965 na 1966 sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti. Limedondoshwa kutoka juu na kufungwa kwa bolti. Kati ya petroli na mgongo wa abiria hakuna ukuta wa maana. Ukisikia harufu ya petroli, anzia kwenye mpira unaotoka kwenye kifuniko, ulio ndani ya buti, kwa sababu petroli ya siku hizi yenye ethanoli inaila mipira ya zamani. Weka bati la chuma nyuma ya kiti. Linauzwa tayari limekatwa kwa kipimo.

Paa lenyewe. Kuna mota ya umeme na pampu nyuma ya kiti cha nyuma, inasukuma silinda mbili za haidroliki, moja kila upande. Lifungue na kulifunga mara kadhaa injini ikiwa imewashwa. Likipanda upande mmoja kabla ya mwingine, silinda moja imechoka au kuna hewa ndani. Likigoma huku mota ikilia, oili imepungua. Tafuta ilikovujia, kwa kawaida chini ya kapeti nyuma. Usiongeze oili yoyote kabla ya kujua iliyomo ni ya aina gani, kwa sababu oili ya breki na ya giaboksi zikichanganyika huharibu sili zote. Na usiruhusu mota ishindane na fremu iliyogandia. Fungua silinda, ukunje kwa mkono uone panapobana.

Turubai jipya na dirisha jipya la plastiki nyuma si gharama ya kukukosesha usingizi. Cha kuangalia ni jinsi vioo vya milango vinavyokutana na ukingo wa paa. Paa likifungwa vizuri mbele lakini kioo kikaacha nafasi juu upande mmoja, kwa kawaida hata ukibadilisha mipira haitasaidia. Paa linasema kilekile ambacho mlango ulishasema: bodi haijanyooka.

Je, usikitike kwamba si V8? Mimi nisingesikitika. Kwa kutembea jioni paa likiwa chini, silinda sita inatosha, ni nyepesi mbele, na bei yake ya kununua iko chini. Anayekuambia "nunua kisha utaweka V8" hajakupigia hesabu: ni injini, giaboksi, rejeta, springi, breki, habu za magurudumu ya mbele na difu. Ukitaka V8, tafuta gari lenye C au A kwenye nambari yake tangu mwanzo.

Kuhusu kurudi nalo Mombasa, kwa sheria ya Kenya ya sasa sioni njia. Magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8 hayaingizwi, na usukani wa kushoto hausajiliwi kwa matumizi ya kawaida. Mustang ya usukani wa kulia kutoka kiwandani ilianza na modeli ya 2015. Nunua ukijua gari litabaki Texas.

Uamuzi wangu uko hivi. Rudi na jeki, tochi, bisibisi, sumaku na chupa ya maji. Bawaba zikiwa ndizo zilizokwisha na vizingiti vikalia chuma kizima, nunua, na utumie moshi, geji, kapeti na breki kushusha bei, maana vyote hivyo vinamtisha muuzaji kuliko vinavyostahili. Mlango ukibadilika gari likiinuliwa, usinunue hata kama injini inaimba. Nitumie picha za visanduku vya kona za mbele, pande zote mbili, kabla hujatoa hata dola ya kushikia.